Nimelala Ndani ya Basi la Shule, na Sikutaka Kushuka

Jamani, nimeliona! Nimelipanda, nimejilaza chali uvunguni nikakagua chesisi, nimekaa ubavuni mwa dereva likipanda milima, nimekunywa chai ndani yake na nimelala ndani yake usiku wa baridi kali. Ninapoandika haya koti langu bado linanukia moshi wa kuni za mwaloni. Kama umewahi kuona basi kuukuu limetelekezwa nyuma ya karakana ukawaza kwamba lile lingefaa kuwa nyumba, vuta kiti unisikilize. Linafaa! Linafaa kuliko nilivyodhani, na mimi nimekulia Ubungo, mabasi nimeyajua kabla sijajua kusoma.

Hili ni basi la shule la Kimarekani, lile la njano la kwenye filamu, lenye kibao chekundu kinachochomoza ubavuni kusimamisha magari watoto wakishuka. Ni Blue Bird TC2000 la mwaka 1996, uso bapa, injini mbele, urefu wa zaidi ya mita 10. Wenyewe ni dada mmoja wa Tanga na mumewe, wakazi wa nje kidogo ya Atlanta, Georgia. Dada ni nesi wa mikataba. Huku hospitali yenye upungufu wa watu humchukua nesi kwa wiki 13 hivi, zikiisha anafunga mizigo kwenda mji mwingine, pengine jimbo jingine kabisa. Kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu dada alikuwa anatafuta chumba, analipa amana, ananunua godoro, anahama, analiacha.

"Nimeacha magodoro majimbo manne, kaka," aliniambia. "La tano nikasema hili nitakwenda nalo."

Shemeji ni seremala. Akaenda mnadani, mahali wilaya zinapouza mabasi yaliyostaafu, akarudi na hili kwa dola 4,200. Miezi 14 ya Jumamosi na Jumapili baadaye, mimi ni miongoni mwa wageni wa kwanza kulala humo.

Nianze na mifupa, maana uzuri wote wa nyumba hii unatoka humo, na watu wengi huipita mbio wakikimbilia mapazia.

Katika miaka ya 1920, muuza magari ya Ford mjini Fort Valley, hapa hapa Georgia, aitwaye Albert Luce, alimuuzia mteja basi lenye bodi ya mbao la kubebea wafanyakazi. Bodi ikaanza kuachana kabla mteja hajamaliza kulipa deni. Luce akaamua kuunda bodi yake mwenyewe kwa chuma, na mwaka 1927 akatoa basi lake la kwanza. Hapo ndipo Blue Bird ilipoanzia! Kampuni nzima ilizaliwa kwa sababu mtu mmoja alichukia bodi inayoachana.

Mwaka 1939 Frank Cyr wa Teachers College, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, akawaita wajumbe kutoka majimbo yote 48 ya wakati ule, wakakubaliana viwango 44 vya mabasi ya shule. Rangi ya njano ilitoka pale. Herufi nyeusi juu ya njano ile husomeka hata alfajiri, kabla jua halijatoka sawasawa. Ndugu zangu wa Kenya, ambako sheria nayo imeyataka magari ya shule yawe ya njano, mnajua sasa ilikotoka.

Lakini kilichonifanya nishike kichwa ni sheria za 1977. Tangu mwaka ule, serikali ya shirikisho inataka paa la basi kubwa la shule lihimili mzigo wa mara moja na nusu ya uzito wa basi lenyewe likiwa tupu, lisibonyee zaidi ya sentimita 13, na milango ya dharura iendelee kufunguka. Soma tena hapo. Basi lingine zima na nusu, juu ya paa, na mtoto bado anaweza kusukuma mlango akatoka! Sheria mwenzake inasema maungio ya mabati ya bodi yawe na nguvu isiyopungua asilimia 60 ya nguvu ya bati lenyewe. Ndiyo maana ukilitazama basi la shule unaona ribeti zimejipanga kama punje kwenye gunzi la mahindi. Kila ubavu wa chuma ndani ya kuta unapanda upande mmoja, unapinda juu ya dari na kushuka upande wa pili, tao moja kamili.

Nimeingia kwenye nyumba za magurudumu zinazouzwa madukani huku kwa bei ya kutisha. Nyingi ni fremu nyembamba ya mbao au alumini iliyovalishwa faibaglasi kwa gundi. Gonga ukuta wake kwa kifundo cha kidole, kisha uje ugonge wa basi hili. Sikio litakumalizia habari.

Wenye Blue Bird wenyewe waliona mapema kwamba bodi yao ni nyumba: mwaka 1963 walianza kuuza Wanderlodge, nyumba ya kifahari ya magurudumu iliyojengwa ndani ya bodi ya basi. Mwaka uliofuata mwandishi Ken Kesey na wenzake wakavuka Marekani, California hadi New York, kwa basi la shule la International Harvester la mwaka 1939 lililoitwa Furthur. Hata hilo walilinunua likiwa limeshatiwa vitanda na mwenyewe wa awali! Utamaduni huu una mizizi.

Sasa kuna hoja inayogawanya mafundi wa mabasi haya: kuinua paa. Unakata kila ubavu usawa wa madirisha, unapandisha paa zima kwa jeki, unachomelea vipande vya chuma katikati, unapata kimo. Wapo wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa na siwabezi. Ila shemeji alikataa kabisa kugusa mbavu, na mimi niko upande wake mguu na nyayo. Alitafuta basi lenye dari ya juu tangu kiwandani, karibu mita 1.95, akahesabu unene wa povu na mbao, akajipima akiwa na viatu, ndipo akainua mkono mnadani. Mbavu zote zimebaki kama zilivyokuja.

Kuvunja ndani kuliwala miezi mitatu. Basi hili lilikuwa na viti 24, watoto watatu kila kiti, jumla 72. Kila mguu wa kiti una bolti inayotoboa sakafu hadi nje, na baada ya miaka ishirini na kitu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nati na bolti zimekuwa kitu kimoja. Dawa ni grinda. Cheche, miwani, barakoa, masikio yaliyozibwa. Chini ya raba ya sakafu kulikuwa na plaiwudi iliyolowa, chini ya plaiwudi bati lenye kutu. Shemeji alikwangua kwa brashi ya waya, akapaka asidi ya fosfori hadi kutu ikageuka nyeusi, akaziba matundu ya bolti moja baada ya jingine, akapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Ukinunua basi, tafadhali, usilaze mbao mpya juu ya sakafu usiyoifunua!

Nyuma ya boksi la hita, ukutani, wakakuta penseli. Fupi fupi, zilizotafunwa nyuma, moja ina alama za meno madogo mawili wazi kabisa. Zilikuwa 19. Dada aliziosha akazitia kwenye chupa ya jemu, na chupa hiyo imefungwa kwa bano juu ya sinki. Nilishika ile yenye alama za meno muda mrefu. Mwenye meno yale sasa ni mtu mzima mahali fulani.

Haya, tuingie ndani!

Mlango ni ule ule wa kukunjana, mbele kulia, na bado unafunguliwa kwa wenzo wa mkono wa dereva. Ukipanda ngazi tatu, unakutana na injini imejifunika boksi ubavuni mwa usukani, pale ambapo kwetu kondakta angekalisha abiria watatu kwenye boneti. Shemeji amelivisha boksi hilo povu, bati na zulia nene. Ni kiti cha mgeni, na ndicho nilichokalia.

Pita sasa. Mita za mraba kama 20, yaani chumba na sebule hivi, ila chumba na sebule yenye madirisha kila upande. Sebule ina makochi mawili yanayotazamana, yamejengwa juu ya masanduku. Jikoni kuna jiko la gesi la plati tatu, sinki la kina kirefu, na friji ya umeme wa volti 12. Milango yote ya kabati ina vifungo vya kubana kama vya kwenye boti. Bila hivyo, kona ya kwanza tu sahani zote ziko sakafuni. Ukutani, juu ya tairi la nyuma ambako bati la basi linavimba kuingia ndani, wengine huona kero. Dada ameona kabati. Unafunua kifuniko, inachomoka mbuzi ya kukunia nazi, imefungwa kwa bawaba, inakaa sawa na goti. Nimesafiri sana, sijaona mahali pengine nyumba ya magurudumu iliyojengewa mbuzi. Tulikula samaki wa kupaka usiku ule. Nazi ilikunwa pale pale!

Kuta zimepuliziwa povu gumu kati ya mbavu, kisha zikavalishwa mbao za msonobari zinazoingiana ulimi kwa mfereji. Mbavu za chuma hupitisha baridi moja kwa moja kutoka nje, na baridi ikikutana na pumzi za watu inakuwa maji, maji yanakuwa kutu. Kwa hiyo kila ubavu umebandikwa ukanda wa povu kabla ya ubao. Madirisha wamebakiza kumi tu. Mengine yamefungwa kwa bati la chuma na ribeti, ukuta ukapata joto na sehemu ya kutundika kabati.

Umeme unatoka juani: paneli nne za wati 400 juu ya paa, betri nne za lithiamu za ampea-saa 100, jumla kama uniti 5 hivi kwa lugha ya Luku. Inatosha friji, taa, pampu ya maji, kompyuta, na kiyoyozi kidogo mchana jua likiwa kali. Tangi la maji safi ni la lita 300, limelazwa chini ya kitanda karibu na ekseli ya nyuma. Lita 300 ni kilo 300, huziweki upande mmoja ukategemea basi likae sawa kwenye kona. Choo ni kile kikavu cha kutenganisha mkojo. Niliingia nikiwa na wasiwasi, nikatoka nikiwa mtetezi wake. Hakina harufu! Feni ndogo inavuta hewa nje saa zote.

Mwisho kabisa ni chumba cha kulala, na hapa ndipo niliposimama nikakosa neno. Kitanda cha tano kwa sita kimewekwa kikingama, na nyuma yake ni mlango wa dharura wa awali, haujazibwa. Sasa unaelewa kwa nini shemeji alitaka injini iwe mbele. Basi la injini nyuma lina utulivu zaidi barabarani, lakini pale ambapo hili lina mlango, lile lina mtambo. Watu wawili wanalala hatua moja kutoka njia ya kutokea moto ukizuka, na asubuhi mlango huo huo ndio dirisha kubwa kuliko yote.

Barabarani je? Tuliondoka Atlanta saa nne asubuhi kuelekea kaskazini, barabara ya US 19, tukapita Dahlonega kwenda Blairsville. Injini ni Cummins ya lita 5.9, silinda sita mstari mmoja, valvu 12, pampu ya dizeli ya kimekanika, hakuna kompyuta. Fundi yeyote wa lori wa Makambako angeifungua akiwa anapiga mluzi. Giaboksi ni Allison MT643, otomatiki, gia nne. Ukienda mnadani uliza hili: mabasi mengi ya rika lake yana AT545, ambayo konveta yake, kile kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, haijifungi, na mlimani nguvu nyingi inaishia kuwa joto. MT643 hujifunga. Tofauti niliisikia kwa makalio yangu pale kwenye boksi la injini.

Baada ya Dahlonega mlima unaanza, kona juu ya kona, hadi kilele cha Neels Gap, mita 950 na ushee. Anayeijua Kitonga hatatishika, lakini kwa nyumba yenye sinki na kitanda ni mtihani wa haki. Basi lilipanda kwa kilomita 45 kwa saa, mlio mmoja mzito usioyumba, mshale wa joto umetulia palepale. Nyuma yangu, kimya. Hakuna sahani iliyogonga sahani! Kwenye tambarare raha yake ni kilomita 95 kwa saa, na mafuta ni lita moja kwa kilomita nne. Kuteremka, shemeji alishusha gia mapema, akagusa breki za upepo kwa vipindi vifupi, tukasikia ile pumzi ya breki, na miti ya vuli ikapita ubavuni yote nyekundu.

Usiku nje ilishuka hadi nyuzi mbili chini ya sifuri. Jiko la kuni la chuma cha kusubu, dogo kama ndoo ya lita kumi, limekaa juu ya vigae, nyuma yake bati lililoachiwa nafasi ya hewa mbali na ubao. Vijiti vitatu vya mwaloni na nikavua sweta. Kengele ya gesi ya kaboni monoksidi iko darini, nyingine kitandani, na mtungi wa gesi unakaa kwenye sanduku lenye matundu nje ya basi. Dada ndiye aliyeshikilia hayo yote. Amewahi kupokea wagonjwa wa moshi wa jiko, hataki mjadala.

Kasoro zipo na ninazitaja kwa sababu nalipenda. Ukikaa mbele, mlio wa injini unakulazimisha uongee kwa sauti safari nzima. Dirisha moja, ambalo shemeji alilipaka silikoni jioni moja kiza kikiingia, linavuja mvua ikija na upepo, na aliniahidi litafunguliwa upya. Bima ilikuwa mateso: kampuni mbili ziliwakatalia moja kwa moja ziliposikia neno basi. Viwanja kadhaa vya kuegesha nyumba za magurudumu havipokei gari lililozidi miaka kumi, hata liwe zuri namna gani. Na kuna karatasi. Kwa mujibu wa kanuni za shirikisho, gari linahesabika kuwa nyumba likiwa na angalau vitu vinne kati ya sita: jiko, friji, choo, kipasha joto au kiyoyozi, maji ya kunywa yenye bomba na sinki, na umeme au gesi yake. Hili lina vyote sita, na bado ofisi ya usajili iliwazungusha wiki sita. Majimbo mengi pia yanakataza kulibakiza njano, maana madereva wengine watasimama wakisubiri watoto wasiokuwepo. Ndipo likapakwa buluu ya bahari ya Tanga, paa likawa jeupe kurudisha jua.

Asubuhi dada alisukuma mlango wa nyuma kwa mguu akiwa bado chini ya blanketi, nikaitwa kuja kuona. Umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, ukungu umelala bondeni, na juu yake mgongo wa milima mmoja nyuma ya mwingine. Tulikunywa chai ya tangawizi tumekaa watatu ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia nje ya basi.

Jumatatu anaanza wiki 13 nyingine Knoxville, Tennessee. Walinishusha mjini Blairsville, shemeji akazunguka akigonga matairi yote sita kwa kitako cha nyundo, akapanda, mlango ukajikunjua na kujifunga. Nilisimama pale na begi langu nikiwatazama wakigeuza. Jua la asubuhi lilipolipiga ubavuni kwa mshazari, chini ya ile rangi ya buluu nikaziona, zimeinuka kidogo tu, herufi za zamani za jina la shule.